Baba Alipotaka Kurudisha Shukrani

Daktari hakusema baba amepona. Alisema uvimbe umepungua sana na kwamba ameridhika na namna dawa zilivyofanya kazi. Nilikuwa nimekaa pale pale chumbani, nikasikia kwa masikio yangu. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi kwetu milimani ni mbali, na lile neno lilibadilika njiani. Tulipopita Chalinze lilikuwa bado "umepungua." Tuliposhuka Mombo kubadilisha gari, mama alikuwa akimwambia mtu kwenye simu kwamba uvimbe hauonekani kabisa. Gari lilipomaliza zile kona na kuingia Soni, baba alikuwa mzima, asiye na ugonjwa wowote.

"Amesema umepungua," niliwaambia. "Hajasema umekwisha."

"Na kitu kinachopungua kinaelekea wapi?" mama akauliza. "Si kwisha?"

Baba alikuwa amefumba macho, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi zilizonyonyoka. Akasema, bila kuyafumbua, "Mama, nyamaza kidogo. Waache watu wafurahi." Mama huyo ni mimi. Ndivyo alivyoniita tangu nilipokuwa mdogo, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Nilinyamaza, ingawa kunyamaza si kazi yangu. Nina shahada ya kemia na wakati huo sikuwa na ajira, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kumsindikiza baba hospitali. Kule nilimsumbua daktari kwa maswali hadi akawa akiniona mlangoni anavuta kiti mwenyewe. Nilitaka kujua saratani hii ya mapafu imetoka wapi. Baba alivuta sigara ujanani, alipokuwa kibarua wa kiwanda cha chai kule Bulwa, akaacha kabla sijazaliwa. Amepiga dawa nyanya na kabichi miaka yote, kitambaa tu kimefunika pua. Amekulia kwenye jiko la kuni, na kwetu baridi ikiwa kali watu wanahamia jikoni na kufunga mlango. Nilivitaja vyote. Daktari akasema pengine ni sigara, pengine ni moshi, pengine vyote kwa pamoja, na kwamba kwa mtu mmoja mmoja hakuna anayeweza kusema kwa hakika. Jibu lile lilinikera. Baada ya muda nilianza kuliheshimu, maana kila mtu mwingine niliyekutana naye alikuwa na hakika.

Sisi kwetu ni Walutheri, na mtu akipata jambo jema hakai nalo nyumbani. Anatoa shukrani. Jina lake linaitwa, anakwenda mbele na jamaa zake, kwaya inamwimbia, anaeleza alichotendewa, anaweka sadaka yake chini. Ikiwa sadaka ni mkungu wa ndizi au jogoo au kikapu cha mapeasi, baada ya ibada inanadiwa nje kwenye nyasi. Anayenunua mara nyingi anairudisha inadiwe tena, hata jogoo mmoja akauzwa hadi akachoka kushikwa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyekuwa akiyaita majina ya wenye shukrani, kwa hiyo siku jina lake lilipoitwa na mtu mwingine kanisa zima liligeuka. Alipeleka debe la maharage. Maharage ya kwetu hayana rangi moja. Mama anapanda mchanganyiko: mekundu, ya njano, yenye madoa, meusi madogo, yote kwenye shimo moja au mashimo yanayopakana. Mvua ikizidi, hili linaoza na lile linasimama. Jua likizidi, kinyume chake. Hakuna msimu ambao mama amekosa kabisa, na hakuna msimu ambao yote yamemkubali.

"Nilipelekwa kule nikiwa maiti," baba alisema mbele ya watu. "Nimerudi mtu. Nimepona."

Watu walipiga makofi hadi nikaona haya kuwa mimi sipigi, nikapiga. Nje, mnadishaji, ambaye ni fundi cherehani mwenye mdomo usiofungwa, alichota maharage kwa viganja akayamwaga kutoka juu ili yalie. "Haya si maharage! Haya yameishinda saratani! Mwenye presha anunue, mwenye kisukari anunue, mwenye mke mkali anunue!" Yaliuzwa na kurudishwa, yakauzwa tena. Baba alicheka akashika kifua, na hakukohoa. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nasubiri akohoe.

Akapata msimu mmoja. Siwezi kusema vinginevyo. Alilima, alipalilia, nywele zikarudi laini kama za mtoto, akavuna maharage ya mama na kuyapura mwenyewe. Alikula. Aliwatania vijana waliokuja kunyolewa kwa jirani kwamba wanapoteza hela, waende Dar wakatundikiwe dripu, kipara kinakuja bure.

Kisha nikaanza kumwona akienda migombani mara kwa mara.

Nyumba yetu iko mtelemkoni, na nyuma yake kuna migomba iliyosongamana hadi kwenye kijito. Baba alikuwa akiteremka humo asubuhi na mchana, akikaa kidogo, akipanda akifuta mdomo. Nilidhani tumbo. Siku moja nilikuwa nafua kijitoni, nikasikia kile kikohozi. Kilikuwa kikohozi kile kile, kikavu, kinachorudi kabla hakijamaliza kutoka. Alikuwa ameegemea mgomba, ameziba mdomo kwa kofia yake.

"Baba, tangu lini?"

"Vumbi la kupura," akasema.

"Tumeshamaliza kupura."

"Basi ni vumbi lililobaki. Fua nguo zako."

Tarehe ya kurudi kliniki ilipofika alisema atakwenda baada ya kuuza mavuno. Mavuno yakauzwa, akasema atakwenda baada ya mikutano ya usharika. Kanisani alianza kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, yeye ambaye kiti chake kilikuwa mbele. Niliwaza kwamba anaogopa hospitali. Nilichelewa kuelewa kwamba hakuwa anaogopa hospitali. Alikuwa anaogopa watu waliomshika mkono kila Jumapili na kumwambia, "Mzee, umependeza, Mungu ni mkubwa." Alikuwa amesema nimepona kwa sauti ile ile aliyoitumia kusoma matangazo, na sasa kikohozi kilikuwa kinamsuta. Kila mara alipokaribia kukohoa ndani ya kanisa, alitoka.

Mwisho pumzi ilimwishia kwenye njia ya shambani, akaketi chini, na jirani aliyekuwa akilima juu ya njia akambeba mgongoni hadi nyumbani. Tukateremka tena kwenda Dar. Safari hii hakuna aliyesema neno kutoka Soni hadi Mombo.

Picha mpya ilionyesha uvimbe umekuwa mkubwa kuliko mwanzo, na madoa mapya kwenye ini. Baba alipokuwa akitolewa maji kifuani, mimi nilikwenda kwa daktari. Alikuwa dada mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vizuri. Akavuta kiti.

"Dawa zimegoma," akasema.

"Zimegoma maana yake nini? Dawa ni ile ile. Mwanzo ilifanya kazi, sasa haifanyi. Nani kabadilika?"

"Uvimbe."

Nikamwambia hilo si jibu, ni jina la jibu. Alicheka kidogo, kisha akanieleza, na namshukuru kwamba hakunirembea maneno. Alisema uvimbe si kitu kimoja. Ni mamilioni kwa mamilioni ya seli, na kila zinapogawanyika zinakosea kunakili, kwa hiyo hazifanani. Dawa za dripu zinaingia ndani ya seli na kuharibu ule uzi unaobeba maelekezo yake, hasa seli inapojaribu kugawanyika. Seli nyingi zinakufa. Lakini wamo wachache ambao ukuta wao una pampu, wanaitoa dawa nje kama mtu anayechota maji kwenye nyumba iliyofurika. Wamo wanaojua kuutengeneza ule uzi upesi kuliko dawa inavyoukata. Wamo waliolala tu, hawagawanyiki, dawa inawapita. Na wengine wako katikati ya uvimbe ambako mishipa ya damu ni michache, dawa haiwafikii vya kutosha. Wale wengi wakifa, picha inaonyesha uvimbe umepungua. Wachache waliobaki wana nafasi, wana chakula, na wanazaa watoto wanaofanana nao.

"Hao wachache walitoka wapi? Dawa iliwafundisha?"

"Baadhi wanajifunza kadiri dawa inavyoendelea. Lakini mara nyingi wengine walikuwepo tangu mwanzo, kabla ya dripu ya kwanza. Hatuwezi kuwaona kwenye picha. Ni wadogo mno."

Nikauliza kwa nini wasiongeze dozi. Akasema figo za baba na uboho wake vingekufa kabla ya hao wachache. Nikauliza ingekuwaje kama baba angerudi mapema, alipoanza kukohoa. Alisema wangemtoa maji mapema, angepumua vizuri zaidi, angeteseka kidogo kuliko alivyoteseka. Lakini uvimbe ungekuwa ule ule. Kulikuwa na dawa ya aina nyingine wanayoweza kujaribu. Inaweza kumwongezea muda, inaweza isifanye chochote. Nikauliza kwa nini kwa mgonjwa mwingine wa aina hii dawa ya kwanza inadumu na kwa baba haikudumu.

"Sijui," akasema.

Tulirudi nyumbani ili baba apate nguvu kabla ya dawa ya pili. Shangazi, dada yake mkubwa, alipanda kutoka Vuga na begi la nguo, dalili kwamba hana haraka ya kuondoka. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia marahaba huku akiangalia nyumba kama askari aliyefika kwenye tukio.

Kwa siku kadhaa alitafuta mkosaji. Alianza na walionunua maharage kwenye mnada: nani alinunua, alisema nini alipoyashika, kwa nini hakuyarudisha. Akahamia kwa mama, kwamba alimpa mgonjwa uji wa jana. Kisha akanifikia mimi.

"Na wewe ndiye uliyekuwa unasema umepungua, umepungua. Wenzako wanasema amepona, wewe umepungua. Umeuita umerudi."

"Shangazi, uvimbe hauna masikio."

"Una mdomo wewe! Ndicho hicho walichokupa chuo kikuu, mdomo. Kazi wamekunyima."

Baba alikuwa uani, kwenye kiti, amevikwa koti zito na blanketi juu yake, jua la asubuhi likimpiga miguuni. Alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu hata tukasahau kwamba anasikia. Akaniita.

"Mama, njoo. Wewe uliongea na yule daktari. Niambie kweli. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote."

"Mtu hashukuru halafu ugonjwa ukarudi bila kukosea. Nilikula nini? Nilifanya nini? Au niliposhukuru imani ilikuwa ndogo?"

Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, akitenga ya mbegu. Nikamwomba ungo. Nikaketi chini mbele ya baba nikamwambia auone huo ungo kama uvimbe wake.

"Haya," shangazi akasema, "sasa shahada imefika kwenye maharage."

Nilimwambia baba yeye anajua kwa nini wanachanganya mbegu. Nikasema ugonjwa wake nao umechanganya. Dawa ya kwanza ni kama jua kali: nikayaondoa mekundu, nikayaondoa ya njano, nikayaondoa yenye madoa, na yalikuwa mengi, ungo ukaonekana mtupu. Nikamwambia hapo ndipo daktari alipopiga picha na kusema umepungua. Kisha nikamwonyesha meusi madogo machache yaliyokwama kwenye nyufa za ungo. Haya jua haliyawezi. Yakibaki peke yake shambani, msimu ujao shamba lote ni jeusi. Nikamwambia hakuna aliyeyaita. Si chakula, si uji, si jirani, si imani. Dawa ilifanya kazi yake hadi ilipofika kwa hawa.

Baba aliinama akachukua harage moja jeusi, akaligeuza kiganjani. Mama aliacha kazi. Niliona nimefanya jambo zuri. Niliona uso wake ukilegea.

"Kwa hiyo hawa," akasema, "siku ile nimesimama kanisani, walikuwamo?"

Ningeweza kusema labda. Maisha yangu yote nimesema labda.

"Walikuwamo," nikajibu.

Akalirudisha lile harage kwenye ungo, taratibu.

"Basi nilisema uongo mbele ya madhabahu."

Nilianza kuongea haraka. Nilimwambia uongo ni kusema usichokiamini, yeye aliamini, hakujua.

"Wewe ulijua," akasema. "Uliniambia garini. Nikakuambia nyamaza."

Tangu hapo hakutaka kusikia kitu kingine. Dawa ya pili hataki, alisema, hadi akarekebishe maneno yake. Mama alilia, akamwambia watu watacheka, akamwambia siku zinakwenda, twende Dar kwanza, kanisa halihami. Nami, nisiyeamini hata nusu ya yanayosemwa kwenye zile shukrani, nilijikuta nikiitetea ile shukrani kama wakili wake. Baba alitusikiliza wote.

"Nimewaita wenzangu pale mbele miaka mingi," akasema. "Kila mmoja nilimwambia, sema kilichotokea, usiongeze. Mimi nimeongeza."

Jumapili tulimpeleka kwa bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Chini ya koti hakukuwa na mtu, kulikuwa na mbavu na joto. Mama na shangazi walitangulia kwa miguu na debe la maharage, kwa sababu alikataa kwenda mikono mitupu. Yalikuwa maharage ya ule msimu aliolima.

Alipoitwa, hakuweza kusimama muda mrefu. Aliketi kwenye kiti cha mwalimu wa kwaya na kusema kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Nilisema hapa nimepona. Sikuwa nimepona. Uvimbe ulikuwa umepungua, nikaongeza maneno. Naomba yale maneno nirudishiwe." Akapumua. "Msimu mmoja nililima. Huo ni kweli. Kwa huo naleta haya."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu wa kwaya alifungua mdomo akaufunga, kwa maana hakuna wimbo uliopangwa kwa jambo kama lile. Mchungaji alikuja akamwekea mkono begani akakaa hivyo, na nilimheshimu kwa kutosema kitu.

Nje ilikuwa mbaya zaidi. Mnadishaji aliyaweka maharage mezani akayatazama. Alichota kidogo, akamwaga, hakusema chochote. Watu walisimama nusu duara, mikono mifukoni, wakiangalia miti. Nani anunue maharage ya mtu aliyerudisha shukrani zake? Baba alikuwa kwenye kiti kivulini mwa ukuta wa kanisa, anaona kila kitu.

"Kwani mmeona nini?" sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya shangazi. "Mnadhani maharage yanakohoa? Anza mnada, wewe mwenye mdomo! Leo umekauka?"

Akataja bei. Hakuna aliyefuata. Akaipandisha mwenyewe.

"Mama mkubwa, unashindana na nani?" mnadishaji akauliza.

"Nashindana na mimi. Na mimi nina kiburi, naongeza tena."

Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine, na mwalimu wa kwaya akataja bei yake, na mnada ukaenda, si kwa kelele za mara ya kwanza, lakini ukaenda. Nilimtazama baba. Hakucheka. Aliziba mdomo kwa kofia kwa mazoea, kisha akaishusha magotini na kukohoa mbele ya watu wote, kwa muda mrefu, bila kwenda popote.

Dawa ya pili haikufanya chochote. Baada ya dripu kadhaa daktari alipiga picha tena, akatuita, akasema hataendelea kumtesa. Baba aliuliza kwa utulivu kama na hii imekuta weusi. Daktari alinitazama, hakuelewa. Nikamwambia ndiyo, imekuta weusi.

Alifia nyumbani, mchana, ukungu umeteremka hadi migombani, mama ameshika mguu mmoja na shangazi mwingine kana kwamba angeteleza. Yaliyotangulia siku hizo sitaki kuyaandika. Kukosa hewa si usingizi, na wanaosema alilala tu hawakuwepo.

Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu nilipewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani, sufuria zinachemka, na mama alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, nguo ya juu imemfunika kichwa. Niliandika alipozaliwa, alivyokwenda Bulwa ujanani, alivyorudi, alivyooa, alivyotumika kanisani. Nilipofika kwenye ugonjwa kalamu ilisimama. Mjomba mmoja aliyekuwa akichungulia begani mwangu akanishauri: andika alitibiwa akapata uponyaji kwa muda. Inasikika vizuri, akasema, na watu wanapenda.

Mama alisikia. Hakuinua kichwa.

"Andika umepungua," akasema. "Ndivyo daktari alivyosema."

Nikaandika. Uvimbe ulipungua, akalima msimu mmoja, kisha ukaota tena.